Gunia Lililolowa

Isidori Komba hakuwa mtu wa kudanganywa na gunia. Aliingia Dar es Salaam kutoka Peramiho akiwa kijana mwenye shati moja na rozari ya marehemu mama yake, na tangu hapo hakufanya kazi nyingine ila kupima. Alianzia Gerezani, katika ghala la nafaka la Mhindi mmoja aliyeitwa Umakant. Soko jipya la Kariakoo lilipofunguliwa akahamia huko, akakabidhiwa mzani mkubwa wa magunia, ule wenye bati pana chini na mkono juu wenye kijiwe cha kusogeza. Alikuwa na mwili wa kutosha, sauti nene, na mkoromo ambao kwa ushahidi wa mkewe, Scholastika, ungeweza kuwahamisha wapangaji.

Yule Umakant, Mungu amrehemu, alimwachia Isidori neno moja. "Mzani unasema uzito," alizoea kumwambia, "mkono unasema ukweli." Maana walanguzi wana akili za sungura. Mtu ananyunyizia mahindi yake maji alfajiri, gunia linapanda uzito bila kuongezeka hata punje, na mnunuzi anabeba maji ya bomba kwa bei ya chakula. Kwa hiyo Isidori, kabla hajataja kilo, alitumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Akikuta unyevu hakugombana na mtu. Alipaza sauti tu, ikasikika mpaka kwa wauza kuku: "Maji hayo! Shusha!" Na wapagazi wakashusha, hata kama gunia ni la shemeji yake, balozi wa nyumba kumi.

Moyo ulimkamata palepale mzanini, mwaka mmoja baada ya vita vya Kagera, wakati watu wa mjini tulipokuwa tunapanga foleni ya sabuni, ya sukari, na mara nyingine ya kitu ambacho hatukijui, kwa sababu tu tumewaona wengine wamepanga. Kifua kilimbana, jasho la baridi likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito kuliko gunia lililokuwa mbele yake. Aliketi juu ya bati la mzani wake mwenyewe. Tarsis, mkuu wa wapagazi, Mmwera wa Nachingwea mwenye shingo ya fahali, hakungoja ushauri wa mtu. Alimnyanyua na kumpakia kwenye pikapu iliyokuwa inashusha kabichi, akamwambia dereva: "Kabichi haziozi leo. Twende Muhimbili."

Huko walimhangaikia usiku na mchana, na Isidori hakufa. Daktari Wilbert, kijana mrefu mwenye miwani, alimweleza kwamba sehemu ya nyama ya moyo wake imekufa na haitaota tena, hivyo aliobaki nao ni moyo uliopungua, autunze. Siku ya kumruhusu alimwambia mengi zaidi. Asibebe mizigo. Apunguze chumvi, apunguze sana. Akiona pumzi inabana, au miguu inajaa, asingoje tarehe ya kliniki, aje siku hiyohiyo. Kwa kila neno Isidori aliitikia, "Ndiyo, daktari. Asante, daktari." Ila mtu anayeambiwa aende nyumbani wakati alishajiona kaburini husikia neno moja tu, nalo ni nyumbani. Katika yote aliyoambiwa, yaliyofika nyumbani kwake Mtaa wa Sikukuu yalikuwa mawili: mizigo na chumvi.

Pale sokoni kulikuwa na desturi yao wenyewe wapagazi. Mwenzao akitoka hospitali hupandishwa mzanini, na uzito wake huandikwa kwa chaki kwenye nguzo iliyo karibu. Chaki hiyo haifutwi mpaka mtu arudie uzito wake wa zamani. Akiurudia, huimbiwa, husukumwa kuzunguka soko kwenye mkokoteni, na husemwa kwamba "amerudi". Kabla ya hapo, hata kama yupo na anacheka nao, bado yuko safarini. Isidori aliwaandika wengi kwenye nguzo ile. Safari hii aliandikwa yeye, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba ya katani.

Basi mtaa mzima ukaazimia kumrudisha. Hapa lazima niseme wazi, maana siku hizi watu wamesahau: mwaka ule kumpelekea mtu chakula ilikuwa ni kutoa kwenye kinywa chako. Hata hivyo walileta. Wapagazi walileta ng'onda, wale samaki wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi. Jirani wa chumba cha pili alileta papa mkavu aliyetumiwa kutoka Kilwa. Mama Sudha, mjane wa Umakant, alitembea kutoka Upanga na chupa ya achari ya maembe chini ya sari, na chupa ilipoisha alileta nyingine. "Marehemu alikupenda sana, Bwana Isidori," alimwambia. "Kula, upate hamu."

Scholastika alikuwa mkali kuhusu chumvi. Alichukua kopo la chumvi akalipeleka likakae kwa jirani, asije akajisahau. "Chumvi haiingii humu ndani," aliwatangazia wageni, kwa fahari kabisa, "daktari amekataza." Kisha akapakua mchuzi wa ng'onda, achari pembeni. Hakuna aliyeona kasoro. Chumvi ni ile ya kopo. Samaki ni samaki.

Na Isidori akaanza kujaa. Mashavu yalirudi, kamba ya katani ikafunguliwa, miguu ikanenepa. Kila aliyepita barazani alishika kichwa kwa furaha. "Ona Baba Klara alivyonawiri!" Klara alikuwa binti yao, aliyeolewa Songea. "Mwenzetu hospitali ulikwenda kuumwa au kulishwa?" Katika mji uliokuwa umekonda, mtu anayenenepa ni habari njema, na watu walikuja kuiangalia habari hiyo kama wanavyokuja kumwangalia mtoto mchanga. Viatu vilipomkataa, Isidori alivaa kandambili. Alisema ngozi ya viatu imesinyaa kwa kukaa.

Lakini yeye alijua kuna jambo. Chakula hakikupita, alionja tonge mbili tatu, sahani akaisukumia wageni. Kutoka chumbani hadi uani alisimama njiani, akijifanya anatazama kuku. Na kulala hakuweza. Akilala chali pumzi ilimkimbia, kifua kikakoroma maji, akainuka akihema. Aliongeza mto, akaongeza blanketi lililokunjwa, mwishowe akahamia kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akakesha amekaa. Ili mkewe asiulize, alishika rozari ya mama yake.

Scholastika alipoamka na kumwona kitini na rozari, machozi yalimlengalenga. Mume aliyekuwa akisali kwa kuchungulia saa, leo anakesha akimshukuru Mungu! Alilisimulia kanisani, alilisimulia bombani. Jumuiya ikaanza kumtolea mfano. Isidori, alipoyasikia hayo, alizidi kufungika mdomo.

Kwa nini hakusema? Si ujinga, na wala si woga wa hospitali. Ilikuwa shukrani. Tangu atoke Muhimbili alikuwa na shukrani kubwa iliyomkaa kooni: kwa Mungu, kwa daktari, kwa dereva wa kabichi, kwa Tarsis, kwa kila mtu aliyemletea samaki. Aliona kwamba mtu aliyerudishiwa uhai mzima, akaanza tena kulalamikia pumzi, huyo amekufuru. Ni sawa na mgeni aliyekaribishwa pilau akauliza nyama iko wapi. Kwa hiyo alipoulizwa hali alijibu, "Namshukuru Mungu," na alikuwa anasema kweli, na ile kweli ilikuwa inamuua.

Scholastika akapanga misa ya shukrani. Ilikuwa Jumapili. Isidori alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Klara, na viatu akavikanyaga visigino. Baada ya misa, wakala, wakaimba, na jua lilipoanza kugeuka, Tarsis alikuja barazani na mkokoteni uliotandikwa khanga mbili.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, Tarsis."

"Panda. Leo tunaifuta ile chaki."

Isidori alipanda bila kubisha, tena kwa furaha, maana asingeweza kufika sokoni kwa miguu na hakutaka mtu ajue. Walimsukuma kama bwana harusi. Nyuma alifuata Scholastika na vigelegele vyake, Mama Sudha na chupa mpya ya achari, na watoto wa mtaa waliokuwa hawajui linaloshangiliwa.

Wapagazi walikuwa wamekwisha jipanga kuuzunguka mzani. Isidori alipanda juu ya bati. Tarsis akashika kijiwe, akakisogeza taratibu kwa madoido, huku wenzake wakiimba kila kilo. Kilifika uzito ulioandikwa nguzoni, kikapita. Kilifika uzito wake wa zamani, ule wa kabla ya kuugua. Mkono wa mzani haukushuka. Tarsis akasogeza tena, na tena.

"Amepita!" akapiga kelele. "Jamani, Ndugu Isidori kajipita mwenyewe!"

Soko lililipuka. Mtu alipiga debe, Scholastika alikuwa analia na kucheka, na mmoja alishamshika Isidori mkono amteremshe aende kuimbiwa. Lakini Isidori hakushuka. Alikuwa anautazama ule mkono wa mzani. Maisha yake yote alikuwa ameutazama kutoka upande ule mwingine, na sasa, akiwa yeye ndiye mzigo, kichwa chake kilifanya hesabu kiliyoizoea bila kuombwa. Tonge mbili tatu kwa siku. Kilo zote hizi. Gunia gani hili linaloongezeka uzito na hakuna aliyetia mahindi?

Waswahili husema kinyozi hajinyoi, na kweli, mpimaji yule alikuwa hajajipima hata siku moja tangu alipoanza kujaa. Aliinama kwa shida, akapandisha suruali, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, pale mbele kwenye mfupa. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Alilitazama. Halikufumba.

Tarsis alikuwa karibu, akaliona. Wakatazamana.

Wimbo ulikuwa umepamba moto. Mbele yake zilikuwa nyuso za watu waliojinyima ili yeye ale: huyu wa ng'onda, yule wa papa, Mama Sudha na chupa yake kifuani. Na mkewe, ambaye kwa wiki zote zile hakuwa na furaha nyingine ila hii. Kulikuwa na njia rahisi kabisa. Ashuke, aimbiwe, arudi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Pengine ingekuwa kesho, pengine keshokutwa, wangemkuta na rozari mkononi, na wangesema amekufa mtakatifu. Isidori aliogopa. Aliogopa kufa, na aliogopa kuwaaibisha, na kwa muda hakujua ni hofu ipi iliyo kubwa.

Akavuta pumzi iliyokuwepo, akatoa ile sauti yake ya kazi.

"Maji hayo! Shusha!"

Watu wakacheka. Mzee hajaacha utani wake! Wimbo ukaendelea. Isidori akashika chuma cha mzani, akakusanya tena pumzi, na safari hii ilitoka imekatika katikati.

"Maji hayo, jamani. Si mwili. Nimelowa ndani. Silali, Mama Klara. Nikilala nazama. Nishusheni."

Wapagazi wakakata wimbo. Neno lile kwao halikuwa la utani. Walikuwa wameliitikia mgongoni mwao kwa miaka. Scholastika alisogea, akapiga magoti palepale kwenye maganda ya vitunguu, akaubonyeza mguu wa mumewe, akaona. Saa nane ilishapita, na kwa amri ya miaka ile Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Walimkalisha kwenye mkokoteni uleule, migongo ya wapagazi wawili ikawa ndiyo egemeo lake, wakaondoka mbio kuelekea Upanga, iliko Muhimbili, khanga zikiburuzika.

Muhimbili walimtia hewa ya mtungi na sindano ya kuondoa maji, na Isidori, kwa maneno yake mwenyewe, alikojoa masika na vuli. Siku ya pili aliweza kuegemea. Siku zilizofuata muuguzi Benedikta alimpima kila asubuhi, na kila asubuhi alipungua, na kila alipopungua pumzi iliongezeka. Daktari Wilbert alikaa ukingoni mwa kitanda, akaeleza upya, mara hii mbele ya Scholastika.

"Moyo ukishapata pigo kama lile, mambo mengi yanaweza kufuata. Kuna mtu moyo hupoteza mwendo, ukaruka ovyo. Kuna mtu damu huganda ndani yake, bonge likapanda kichwani, akapooza. Wewe, mzee, moyo umechoka kusukuma. Damu inachelewa njiani, maji yanajaa miguuni, yakikosa pa kwenda yanapanda mapafuni. Hili tuna dawa yake. Lakini mngechelewa wiki moja, nadhani nisingekuwa naongea na wewe." Akamgeukia Scholastika. "Mama, chumvi mlipunguza?"

"Daktari! Chumvi nyumbani kwangu haipo. Iko kwa jirani."

"Mboga alikuwa anakula nini?"

"Ng'onda. Akichoka ng'onda, papa."

Daktari alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mama Sudha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Na achari, daktari?" Hapo hata Benedikta alishindwa kujizuia. Walicheka wote, Isidori naye akacheka, na alipocheka pumzi haikumbana.

Scholastika ndiye hakucheka. Alingoja wageni watoke.

"Kumbe ulikuwa unazama," alisema. "Unazama mbele yangu, na mimi nakusifia kanisani."

"Niliona haya, Mama Klara. Mungu kanirudishia uhai. Nianze tena kumdai pumzi?"

"Na huyo Mungu alikupa mdomo wa nini? Wa kumezea samaki?" Akamshika mkono. "Mimi sikuomba unirudie mtakatifu, Baba Klara. Niliomba unirudie."

Isidori alilia, na hakuona haya.

Alirudi Kariakoo mwembamba, kamba ya katani kiunoni. Mtaani walimwonea huruma. "Masikini, wamemkondesha." Sokoni walimwelewa. Tarsis alifuta chaki ya zamani nguzoni, akampima, akaandika uzito mpya, kisha akawatangazia wapagazi kwamba Ndugu Isidori sasa ni gunia kavu, na soko hili litamlinda na unyevu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, Isidori alipanda juu ya bati. Kijiwe kikikaa mahali pake, waliitikia "Kavu!" na kazi ikaanza. Mara mbili katika miaka iliyofuata kijiwe kilisogea ghafla. Mara zote mbili Tarsis hakumpa hata nafasi ya kusema anamshukuru Mungu. "Maji hayo! Shusha!" na mkokoteni ukashika njia ya Upanga. Moyo wake haukuota tena, kama daktari alivyosema. Magunia hakuyagusa, ngazi alizipanda kwa vituo, vidonge vilipoadimika Mama Sudha alivitafuta duka kwa duka na kuvipata. Aliishi hivyo, na alishukuru hivyo, kwa sauti, pamoja na malalamiko yake yote. Alimwona mtoto wa kwanza wa Klara, akampandisha mzanini.

Ila Scholastika, ukimuuliza habari za mumewe, hakusimulii za mzani. Husimulia mchana ule alipomtoa hospitali mara ya pili. Alikuwa amemtandikia mkeka barazani, akaenda jikoni kumchemshia mchicha usio na chumvi wala samaki. Aliporudi alimkuta Isidori amelala. Si kitini, si kwa mito mitatu. Amelala chali, mikono pembeni, kifua kinapanda na kushuka. Kisha akaanza kukoroma.

Ulikuwa mkoromo uleule wa zamani, aliokuwa ameulalamikia tangu walipooana, ambao kwa ajili yake aliwahi kumwendea paroko kuomba ushauri. Wapita njia waligeuka kutazama. Scholastika aliweka sufuria chini, akaingia ndani, akachukua ile rozari dirishani, akakaa kwenye kile kiti, akaanza kusali.